Kubadili tairi la nyuma la bajaji nyumbani: mwongozo kamili

Rimu ya bajaji si kipande kimoja kama ya gari dogo. Ni sahani mbili za chuma zilizogeuziana migongo, zikabanwa pamoja kwa nati, na tairi limekaa kuzizunguka. Atakayewahi kufungua gurudumu la Vespa ataitambua mara moja, na si ajabu: kampuni ya Bajaj ya India ilianza utengenezaji wake kwa skuta na vyombo vya magurudumu matatu, kwa leseni ya Piaggio ya Italia. Kwa sababu ya rimu hiyo, tairi la bajaji linaweza kubadilishwa uani kwako, bila mashine na bila kupigana nalo kwa vyuma. Na kwa sababu ya rimu hiyo hiyo, watu hukatwa vidole.

Kwa hiyo kabla ya spana, jeki au tairi jipya, elewa nati. Gurudumu lina makundi mawili ya nati. Kundi la kwanza linashika gurudumu lote kwenye dramu ya breki. Ukizitoa, gurudumu linatoka zima likiwa na tairi lake. Kundi la pili linashika zile sahani mbili zisiachane. Ukilegeza kundi la pili tairi likiwa limejaa upepo, upepo wote ule unatafuta njia, na njia pekee ni kuzisukuma sahani mbali, moja ije kwako.

Niliwahi kufanya kosa hilo. Ilikuwa magharibi, mwanga hafifu, nina haraka ya kumaliza kabla umeme haujakatika. Nati mbili za kwanza zilitoka vizuri. Ya tatu nilipoipa nusu mzunguko rimu ikalia, sauti fupi kama mfuniko wa sufuria unaokanyagwa, na kati ya sahani mbili ukaonekana mwanya wa upana wa ukucha. Niliiacha spana ikining'inia palepale, nikarudi nyuma, nikatoa upepo kwa mkono ulionyooka. Sikuumia. Tangu siku hiyo sigusi nati yoyote ya bajaji, hata ile ninayoijua kwa macho yaliyofumbwa, kabla sijatoa upepo wote. Mafundi pancha wa kijiweni wananicheka kwa hilo, maana wao hutoa gurudumu kwanza na upepo baadaye. Wacha wacheke.

Njia rahisi ya kutofautisha makundi ni kutazama tairi la akiba. Nati zilizomo kwenye rimu ya akiba ni za kushika sahani. Matundu yaliyo matupu ndiyo yanayopokea boliti za dramu. Linganisha na gurudumu lililofungwa, kisha chukua rangi ya kucha, nyekundu ikiwezekana, uzipake tone moja moja nati zote za sahani. Mwenye rangi hiyo nyumbani atalalamika kidogo, lakini alama hudumu miezi, na hata siku umebadilishiwa tairi usiku njiani na mtu usiyemjua, utaweza kumwambia, "Kaka, zenye nyekundu usiguse."

Tairi la zamani lisome kabla ya kulitupa

Wengi husubiri mpaka tairi liwe kipara kabisa, nyuzi zionekane. Tairi la bajaji ndani lina nyuzi za nailoni, si waya. Ukiona vijinyuzi vyeupe au vya kahawia vinachungulia, hilo tairi limekwisha kazi muda mrefu uliopita. Sababu nyingine za kulitoa hata kama lina kashata (yale mapande ya mpira yanayoshika barabara): limevimba ubavuni kama lina ngiri, lina ufa unaoingia ukucha wa kidole, au limekatwa na chuma mpaka tyubu inaonekana.

Kabla hujaliondoa, lipapase kwa kiganja. Limeisha katikati na pembeni kuna kashata? Ulikuwa unajaza upepo kupita kiasi. Limeisha pembeni zote mbili na katikati bado? Upepo ulikuwa mdogo. Limeisha upande mmoja tu? Hapo tatizo si upepo. Huenda bushi za mkono wa nyuma, ule unaobeba gurudumu, zimekwisha, au mkono wenyewe umepinda baada ya kuingia shimo, na tairi jipya nalo litaliwa vivyo hivyo ndani ya wiki chache. Mpelekee fundi mkono huo kwanza. Kununua tairi juu ya bushi zilizokufa ni kumpa muuza matairi pensheni.

Kununua

Ubavuni mwa tairi la bajaji nyingi za abiria utakuta 4.00-8. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Pembeni yake kuna 6PR au 8PR, inayoeleza uwezo wa kubeba mzigo; ya 8 ni ngumu zaidi. Usishuke chini ya ile iliyokuja na chombo. Nyuma ndiko kunakokaa abiria watatu na magunia ya mkaa, na injini iko huko huko.

Tafuta pia tarehe ya kutengenezwa. Ni tarakimu nne, mara nyingi ndani ya kijiduara kirefu, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi "jipya" lililoning'inizwa nje ya duka miaka mitano likipigwa jua na moshi wa daladala ni jipya kwa jina tu. Likunje ubavu kwa mikono: ukiona mistari midogo midogo kama ya udongo uliokauka, lirudishe ndoanoni.

Tyubu nunua mpya, ya vipimo vile vile. Najua inauma kuacha tyubu ambayo bado inashika upepo. Lakini tyubu iliyotumika imeshatanuka kufuata tairi lililoisha. Ukiiingiza kwenye tairi jipya inapata mikunjo, na mkunjo ndio unaotoboka. Ya zamani iweke kama ya dharura, au ikate mipira ya kufungia mizigo.

Moja au mawili? Yale ya nyuma mawili yanaendeshwa na injini moja kupitia difu, gia zinazoruhusu kila gurudumu kuzunguka kwa kasi yake. Moja likiwa jipya na jingine kipara, mzunguko wao haulingani, kwa hiyo difu inafanya kazi hata kwenye barabara iliyonyooka, na ukifunga breki kwenye mvua chombo kinavuta upande. Mfuko ukiruhusu, badili yote mawili. Usiporuhusu, angalau la upande wa pili liwe na zaidi ya nusu ya kashata na liwe la kipimo hicho hicho. Magurudumu ya bajaji ya kawaida ni saizi moja mbele na nyuma, kwa hiyo mara nyingine jibu ni kulileta nyuma tairi la akiba ambalo halijatumika, na lile la nyuma lililobaki kulifanya la akiba.

Vifaa

Jeki ndogo, ya chupa au ya kuzungusha. Wili spana inayoingia nati za gurudumu, na spana ringi au boksi ya nati za sahani. Zijaribu zote jana yake, si leo. Spana mdomo wazi ikiteleza kwenye nati yenye kutu inaifanya mviringo, na baada ya hapo utahitaji patasi. Kifungulio cha kijisindano cha valvu, ambacho huuzwa kwa bei ya soda. Brashi ya waya au msasa. Sabuni ya kipande au ya maji. Poda ya mtoto. Pampu ya mguu yenye mdomo wa valvu ya gari. Ile pampu ya baiskeli ya Phoenix mara nyingi haiingii, kwa kuwa valvu ya baiskeli ni ya aina nyingine. Kipimo cha upepo. Vipande kadhaa vya mbao nene, na gogo la kubebea chasisi. Chaki. Na mfuniko wa ndoo wa kuwekea nati, hasa kama nyumbani kuna watoto, maana nati ya bajaji kwa mtoto wa miaka minne ni gari.

Kuinua

Tafuta sehemu ngumu na tambarare. Uani kwenye mchanga, kama kwetu Mbagala, tandika kipande cha mbao chini ya jeki, la sivyo jeki ndiyo itashuka badala ya bajaji kupanda.

Hapa kuna jambo linalowapata hata madereva wa miaka mingi. Ukiegesha bajaji na kuiacha kwenye gia, inatulia. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, haitulii tena. Difu inaruhusu gurudumu lililo hewani kuzunguka kinyume, na lile lililo chini likabiringika kana kwamba chombo kiko huru. Kwa hiyo gia peke yake haitoshi. Kama ina breki ya mkono inayofanya kazi kweli, ivute. Halafu weka kipande cha mbao au jiwe mbele na nyuma ya gurudumu la mbele, na vingine kwenye gurudumu la nyuma linalobaki chini.

Ile desturi ya kuwaita vijana wawili wakailaza bajaji ubavu ni ya barabarani, na ina gharama zake: mafuta huvuja kwenye tangi, maji ya betri humwagika yakala bodi, na oili huenda isikotakiwa. Nyumbani huna haraka hiyo.

Weka jeki chini ya bomba nene la chasisi karibu na gurudumu, au mahali palipoonyeshwa kwenye kitabu cha chombo. Usiiweke chini ya injini, wala chini ya shafti, wala penye mpira wa kukinga vumbi. Inua mpaka jeki ianze kubeba uzito tu, tairi likiwa bado limegusa chini. Simama hapo.

Sasa toa upepo. Fungua kifuniko cha valvu, ingiza kifungulio, zungusha kijisindano kitoke kabisa. Kishike, kisikurukie. Sauti ikikatika usiamini sauti; uchafu unaweza kuziba valvu na nusu ya upepo ukabaki ndani. Pitisha kijiti chembamba kwenye valvu, kisha kanyaga ubavu wa tairi. Likizama kama mto wa sufi, umemaliza.

Tairi likiwa bado limekaa chini, legeza nati za gurudumu (zisizo na rangi ya kucha) nusu mzunguko kila moja. Ukingoja mpaka liko hewani, gurudumu litakuwa linazunguka nawe. Nati ikigoma, ipulizie mafuta ya kulainisha kutu, kanywe chai, urudi. Kuipigia nyundo spana ndiyo njia ya kukata boliti, na boliti iliyokatika kwenye dramu si kazi ya uani.

Endelea kuinua mpaka kiganja kipite chini ya tairi, na nafasi kidogo zaidi, kwa sababu tairi jipya lililojaa ni kubwa kuliko hili lililotolewa upepo. Kabla ya kutoa gurudumu, sukuma gogo chini ya chasisi, pembeni ya jeki. Gogo, si tofali. Tofali la saruji hubeba uzito vizuri tu mpaka dakika linapoamua kupasuka, na halikuarifu. Usiweke mkono wala mguu chini ya chombo kilichobebwa na jeki peke yake.

Toa nati, vuta gurudumu. Likiwa limegandia kwenye dramu kwa kutu, piga tairi teke kwa kisigino, kushoto, kulia, kushoto.

Usikimbilie rimu, tazama dramu kwanza

Hii ndiyo faida ya kufanya kazi nyumbani. Fundi wa barabarani ana wateja watatu wamesimama. Wewe una Jumapili nzima. Hakikisha gogo na mbao za magurudumu zimekaa imara, toa gia na uachie breki ya mkono, kisha zungusha dramu kwa mkono. Ikitoa sauti ya kukwaruza mfululizo, au ukiitikisa juu na chini inacheza, beringi inaomba kubadilishwa. Angalia nyuma ya dramu kama kuna umajimaji umetiririka. Ukiwa mwembamba, huenda ni mafuta ya breki. Ukiwa mzito wenye harufu ya oili ya gia, sili imekwisha, na vyote viwili vikifika kwenye breki, utakuwa na breki kwa jina tu. Shika pia ile mipira ya kukinga vumbi kwenye shafti: ikiwa imechanika, mchanga unaingia na grisi inatoka. Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala pampu. Lifute kwa kitambaa kibichi.

Boliti za dramu zisugue kwa brashi ya waya mpaka nati zipande kwa vidole. Usizipake grisi: nati iliyopakwa grisi hukazika kupita kiasi bila wewe kujua.

Kufungua rimu

Laza gurudumu chini. Chora mstari wa chaki unaopita sahani zote mbili, na andika "N" kwenye inayotazama nje. Kumbuka pia valvu imetokea upande gani. Ukikosea hapa, utagundua wakati kila kitu kimekwisha kufungwa, valvu imeelekea ndani na pampu haifiki.

Sasa, na sasa tu, fungua nati zenye rangi. Zilegeze kidogo kidogo kwa kupishana, moja na ya mkabala wake, usimalize moja ndio uhamie nyingine. Zikitoka zote, sahani huenda zisiachane zenyewe. Mdomo wa tairi huwa umegandia kutu ya rimu. Kanyaga ubavu wa tairi karibu kabisa na rimu kwa visigino vyote viwili, ukizunguka taratibu kama mtu anayekanyaga udongo wa kufinyanga. Maji ya sabuni pembezoni husaidia. Usimwagie petroli wala oili. Vyote vinakula mpira, na kitakachobaki ndani ya rimu kitaanza kula tairi jipya. Geuza upande wa pili, rudia. Sahani ya kwanza itatoka na kelele, ya pili utaisukuma kwa mkono.

Ndani utakuta kutu. Kwa bajaji ya Dar inayopita kwenye maji ya mvua na upepo wa chumvi, kutu ipo daima, kazi ni kujua ni ya kiasi gani. Kutu ya juu inayotoka kwa msasa haina neno: sugua, futa, paka rangi ya chuma, acha ikauke kabisa. Kutu iliyochimba mashimo, au ukingo uliokuwa mwembamba kiasi cha kukata kama wembe, ni rimu ya kubadilishwa. Pitisha vidole polepole kuzunguka matundu ya boliti pia. Ufa mdogo unaoanzia kwenye tundu ni hukumu. Usimpe fundi aunganishe kwa kuchomelea. Sahani iliyochomelewa inashikilia upepo wenye nguvu karibu na miguu ya abiria wako.

Nati za sahani zilizokula pembe zibadilishe leo. Ni vitu vya bei ndogo sana.

Kufunga tairi jipya

Pitisha mkono ndani ya tairi jipya. Huwa na kibandiko cha karatasi, au kipande cha uzi, na nimewahi kukuta hata pini ya duka. Kibandiko kibandue, karatasi inayosuguana na tyubu kwa mwezi mzima kwenye joto huitoboa.

Nyunyiza poda ndani, na kwenye tyubu pia, kidogo tu. Kazi ya poda ni kuiacha tyubu ijipange yenyewe bila kugandia. Rudisha kijisindano, jaza tyubu upepo kiasi cha kuifanya mviringo, laini kama parachichi lililoiva, kisha iingize ndani ya tairi. Upepo huo mdogo ndio siri yote. Tyubu isiyo na upepo huning'inia, na sahani mbili zinapokutana hubana mkia wake.

Najua kwa sababu nilishaibana. Nilifunga kila kitu vizuri, nikajaza, nikaosha mikono, nikakaa kula. Sijamaliza hata nusu ya wali nikasikia mluzi mwembamba uani. Nilipofungua upya, tyubu ilikuwa na alama mbili zilizokaribiana kama za meno ya nyoka, pale ilipoumwa na sahani. Tyubu mpya, kiraka cha kwanza, umri wake dakika ishirini.

Tazama kama ubavu wa tairi una mshale wa mwelekeo. Ukiwepo, uelekee gurudumu linakozunguka bajaji ikienda mbele. Usipokuwepo, upande wowote sawa.

Laza sahani yenye tundu la valvu chini, paka ukingo wake maji ya sabuni, shusha tairi juu yake ukiiongoza valvu ipite tunduni ikiwa imesimama wima. Valvu iliyoinama itakatika shingoni. Leta sahani ya pili, linganisha mstari wa chaki, matundu yaonane. Kabla ya nati, ingiza kidole kati ya tairi na rimu, zunguka duara lote, ukiisukuma tyubu ndani. Halafu zunguka tena. Sahani zinatakiwa kukutana chuma kwa chuma bila kulazimishwa. Ukiona mwanya upande mmoja, kuna tyubu humo. Usikaze ili kuuziba. Fungua.

Weka nati zote kwa vidole. Kisha kwa spana, moja na ya mkabala wake, robo mzunguko kwa zamu, mpaka zote zikatae.

Kujaza upepo

Jaza kidogo tu kwanza, kama robo ya kipimo cha mwisho. Toa upepo wote. Jaza tena. Inachosha, najua, lakini mara ya kwanza tyubu hunyooka, mara ya pili hukaa mahali pake. Ukiwa na pampu ya umeme au kompresa ya jirani, usisimame kuitazama rimu usoni. Egemeza gurudumu ukutani, kaa upande wa kashata, mkono ukiwa mbali.

Ubavuni, karibu na rimu, tairi lina mstari mwembamba unaozunguka. Umbali kati ya mstari huo na ukingo wa rimu uwe sawa pande zote. Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii sikuujua mstari huo. Nikafunga, nikaizungusha bajaji uani kwa majivuno. Mzee jirani yangu alikuwa amekaa barazani na kahawa yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijana, mbona tairi lako linachechemea?"

Lilikuwa linachechemea kweli. Upande mmoja mdomo wa tairi haukupanda, ulibaki umezama ndani ya rimu. Dawa ni kutoa upepo, kupaka sabuni pale palipozama, kulidundisha tairi chini mara kadhaa sehemu hiyo, kisha kujaza tena. Usijaribu kulipandisha kwa kuzidisha upepo.

Kipimo cha mwisho kisome kwenye kitabu cha chombo au kibandiko cha bodi, si kwa fundi na si ubavuni mwa tairi. Namba ya ubavuni ni kikomo ambacho tairi linaweza kubeba, si kiasi kinachotakiwa. Nyuma huhitaji zaidi ya mbele, na kitabu hutofautisha. Pima asubuhi kabla hujatoka, maana tairi lililotembea lina joto na kipimo hudanganya kwa kupanda. Paka mate au maji ya sabuni mdomoni mwa valvu, lisitoke povu, ndipo ufunge kifuniko.

Kurudisha

Gurudumu lipande kwenye boliti, nati zote kwa vidole kwanza. Nati yenye upande uliochongoka, ule uliochongoka utazame rimu. Hapo ndipo inapojikalisha katikati. Kaza kiasi kwa kupishana, ondoa gogo, shusha bajaji mpaka tairi liguse chini, halafu kaza mwisho. Nguvu ya mikono miwili kwenye wili spana yake yenyewe inatosha. Usisimame juu ya spana wala kuiongezea bomba.

Kabla hujaondoa mawe ya gurudumu la mbele, hesabu nati kwenye mfuniko wa ndoo. Uwe mtupu.

Kama chombo chako ni toyo

Toyo na guta la injini la mizigo ni habari nyingine. Nyingi zina rimu ya kipande kimoja, kama pikipiki au gari, na huko hakuna nati za sahani. Nati zilizopo zinashika gurudumu tu. Tairi hutolewa kwa vyuma bapa viwili au vitatu, na ujanja ni mmoja: katikati ya rimu kuna mfereji, wenye kipenyo kidogo kuliko ukingo. Unapobandua mdomo wa tairi upande huu kwa chuma, mdomo wa upande wa pili lazima uwe umekanyagwa ndani ya mfereji huo. Ukiusahau, utavuta mpaka jasho liingie machoni na hutapata kitu isipokuwa tairi lililochanika mdomo. Anza kutoa penye valvu, malizia mkabala nayo. Wakati wa kurudisha, sehemu ya mwisho kuingia iwe penye valvu. Chuma kisizame zaidi ya inavyohitajika, kwa sababu nchani mwake ndipo tyubu ilipo. Na ukigundua kwamba rimu ya toyo yako ina pete ya pembeni inayoibana tairi, kama ya lori, acha. Hiyo mpelekee fundi mwenye kizimba cha kujazia upepo.

Siku mbili za kwanza

Tairi jipya lina utando laini wa kiwandani na huteleza, hasa kwenye lami yenye maji. Usiingie kona kwa kasi siku hizo, na acha nafasi zaidi ya breki. Baada ya kilomita 50 hivi, rudi kwenye nati za gurudumu na wili spana. Utashangaa ni ngapi zitakubali robo mzunguko. Nati za sahani nazo ziangalie, lakini ukitaka kuzikaza, toa upepo kwanza, hata kama ni kukaza tu na si kulegeza.

Lile kuukuu usiliache uani likikusanya maji ya mvua. Mbu wanaoeneza dengi hutaga humo, na Dar imeshakuwa na milipuko ya homa hiyo, ukiwemo ule wa 2019. Mtafute fundi wa makatambuga. Tairi kipara la bajaji halimsumbui. Anachotafuta ni mpira, na mpira bado upo.